Kula kwa Wagiriki Jijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Watu wa kwetu husafiri kwenda Nairobi kwa semina, kesi, harusi na matibabu, na wengine huvuka bahari kuwatembelea ndugu walioko London, Toronto, Chicago au Melbourne, majiji ambayo wahamiaji wa Kigiriki walifungua mikahawa yao tangu zamani. Siku moja mwenyeji hutangaza kwamba jioni hiyo mtakula kwa Wagiriki, na hapo ndipo simu huanza kunifikia hapa Kisumu, kwa kuwa niliishi Toronto miaka kadhaa, karibu na barabara ya Danforth yenye mikahawa hiyo pande zote mbili. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo niliyoulizwa mara nyingi zaidi, na nimeyajibu kwa urefu unaolingana na uzito wake.

Mkahawa wa Kigiriki unatofautianaje na hoteli tulizozoea?

Tofauti kubwa haimo katika viungo bali katika namna ya kuagiza. Kwetu kila mtu huagiza sahani yake, akaimaliza, akalipa. Kwa Wagiriki, sahani ndogondogo ziitwazo meze huwekwa katikati ya meza, kila mmoja akajichotea kidogokidogo huku mazungumzo yakiendelea, kisha vyakula vizito vikafuata, navyo pia mara nyingi huliwa kwa pamoja. Anayeingia na kuagiza sahani moja kwa kichwa kimoja ataona kila kitu ni ghali na hakitoshi, ilhali wanne walioagiza kwa ajili ya meza nzima watakula aina sita au saba kwa fedha zilezile. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote yatakunyookea.

Jina lililo mlangoni nalo hukupa fununu. Taverna ni mahali pa chakula cha kawaida cha familia. Psarotaverna hushughulika na samaki. Psistaria ni ya nyama za kuchoma. Na ouzeri ni ya kinywaji kinachosindikizwa na sahani ndogo. Mkahawa wa Nairobi unaweza kujiita jina lolote apendalo mwenyewe, lakini ndani ya menyu utayakuta makundi hayo hayo.

Je, nitashiba bila ugali?

Swali hili huulizwa kwa aibu, ingawa sioni sababu ya kuona aibu, kwa maana mtu aliyekulia Vihiga au Siaya hapimi mlo kwa idadi ya sahani bali kwa uzito unaotulia tumboni. Jibu ni kwamba utashiba, ila shibe hiyo huja polepole na kutoka pande nyingi. Mkate huletwa mwanzo kabisa, wakati mwingine pamoja na pita, ambao ni mkate bapa uliopakwa mafuta na kupashwa moto juu ya makaa. Pita ya Kigiriki haina mfuko ndani, hivyo usihangaike kuipasua. Viazi huokwa kwa maji ya limau, mafuta ya zeituni na oregano hadi vikainywa ile michuzi yote. Maharagwe meupe makubwa yaitwayo gigantes huokwa katika rojo ya nyanya, na mtu aliyezoea maharagwe ya nyumbani atayapokea kama jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo.

Kosa la wageni ni kuujaza mkate tumboni kabla nyama haijafika. Mkate upo wa kuchovyea, na kazi yake kubwa huonekana mwishoni, unapopangusa mafuta na maji ya nyanya yaliyobaki chini ya saladi. Hakuna Mgiriki atakayekucheka kwa kufanya hivyo, kwani yeye mwenyewe anaungojea wakati huo.

Tukiwa wanne na ni mara yetu ya kwanza, tuagize nini?

Anzeni na horiatiki moja, yaani saladi ya kijijini: nyanya zilizokatwa vipande vikubwa, matango, vitunguu, pilipili hoho, zeituni na bamba la jibini ya feta juu yake. Ni binamu wa kachumbari yetu, ila haina pilipili kali, na ikiletwa na majani ya letasi mengi ndani yake, jueni mpishi amejichukulia uhuru. Ongezeni tzatziki moja, ambayo ni mtindi mzito uliochanganywa na tango lililokunwa, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Kisha spanakopita, yaani mkate wa mchicha na jibini uliofunikwa kwa tabaka za unga nyembamba kuliko hata manda za sambusa. Hizo tatu zinatosha kufungua meza.

Baada ya hapo chukueni sahani moja ya nyama mchanganyiko za kuchoma na moussaka moja. Moussaka ni biringanya na nyama ya kusaga inayonukia mdalasini, ikafunikwa kwa mchuzi mzito wa maziwa na kuokwa hadi juu pakawa rangi ya dhahabu. Huo mchuzi mweupe si wa kale kama watu wanavyodhani, bali uliingizwa na mpishi Nikolaos Tselementes katika karne ya 20, kwa kuwa alipenda kukivika chakula cha kwao mavazi ya Kifaransa. Wapo Wagiriki ambao hadi leo hawajamsamehe. Mimi nimemsamehe.

Ngojeni mlichoagiza kiishe kabla ya kuongeza kingine. Mhudumu hatakasirika mkimwita mara ya pili.

Kwa nini jibini ya feta ina chumvi nyingi hivyo, na je, inayouzwa kwetu ni feta ya kweli?

Chumvi hutokana na maji ya chumvi ambamo jibini hukaa ili iive na isiharibike. Katika Umoja wa Ulaya jina hilo lina ulinzi wa kisheria tangu mwaka 2002, na mahakama ya umoja huo ilithibitisha ulinzi huo mwaka 2005 baada ya Wadenmaki na Wajerumani kulalamika. Ili iitwe feta huko, ni lazima itengenezwe katika sehemu maalumu za Ugiriki kwa maziwa ya kondoo, na yakichanganywa na ya mbuzi, ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Sheria hiyo haifiki Kenya, na jibini nyeupe inayouzwa hapa kwa jina hilo mara nyingi ni ya maziwa ya ng'ombe: ni laini zaidi, haina ule ukali wa maziwa ya kondoo, wala si kitu kibaya. Muulize mhudumu ni ipi aliyo nayo, maana ikiwa imetoka Ugiriki bei yake itakuambia kabla yake.

Samaki wao huliwaje, na kwa nini bei yake haikuandikwa kwenye menyu?

Hapa mtu wa ziwani ana haki ya kujigamba. Samaki wa Kigiriki huchomwa mzima, na kichwa chake, kisha akamiminiwa mafuta ya zeituni na limau, na wageni wengi wa mijini humtazama yule samaki wakaogopa jicho lake. Aliyewahi kula ngege mzima ufukweni Dunga, akamfuata mfupa kwa mfupa hadi kichwani, atamaliza kazi hiyo vizuri kuliko wenyeji wengine. Hata omena wana ndugu zao kule: marides na gavros ni samaki wadogo wa kukaangwa ambao huliwa wote, kichwa na mkia, kwa chumvi na limau. Mara ya kwanza nilipoletewa nilidhani nimerudi nyumbani, isipokuwa hawakuwa wamekaushwa juani wala hapakuwa na mchuzi wa nyanya.

Kuhusu bei, samaki mzima huuzwa kwa kilo, na menyu huandika bei ya kilo moja au huacha nafasi tupu kwa sababu bei hubadilika kila siku. Desturi nzuri ni kwamba mteja huonyeshwa samaki kabla hajapikwa na kupimwa mbele yake, na una haki ya kuomba hivyo. Mimi sikuomba. Katika mkahawa mmoja nilimwachia mhudumu anichagulie "wa kiasi", naye akanichagulia wa kiasi chake: bili ilipokuja nililipia kilo moja na robo ya samaki niliyekula peke yangu, nikatembea kwa miguu wiki nzima iliyofuata. Kwa hiyo uliza mambo mawili kwa utaratibu huu: kilo ni pesa ngapi, na huyu ana uzito gani.

Mimi ni Msabato, na mwenzangu ni Mwislamu. Tujihadhari na nini?

Nguruwe ndiye wa kwanza. Nchini Ugiriki mishikaki ya souvlaki na nyama ya gyros inayokatwa kutoka kwenye chuma kinachozunguka ni ya nguruwe mara nyingi, na soseji ya loukaniko pia. Nairobi utapata za kuku, kondoo au ng'ombe, lakini usikisie; uliza, na uliza pia kama jiko ni moja kwa nyama zote. Nyama ya kusaga ndani ya moussaka inaweza kuwa ya kondoo, ya ng'ombe, au mchanganyiko wenye nguruwe. Kwa Mwislamu kuna jambo la pili, nalo ni divai inayoingia kwenye baadhi ya michuzi, hasa stifado, ambayo ni nyama iliyopikwa polepole na vitunguu vidogo vizima. Kuwepo kwa nyama ya kondoo hakufanyi mkahawa uwe wa halali.

Msabato atawaacha pia pweza, ngisi, kamba na kome, kwa kuwa hawana mapezi wala magamba, na hao wamejaa kwenye menyu ya mkahawa wa samaki. Jambo la kuchekesha ni kwamba Wakristo wa Othodoksi, ambao wako Ugiriki na ambao pia wana makanisa huku kwetu magharibi mwa Kenya, huruhusiwa kula pweza na kamba wakati wa mfungo ambapo samaki wa kawaida amekatazwa, kwa hoja kwamba viumbe hao hawana damu. Meza moja inaweza kuwa na watu wawili wacha Mungu, kila mmoja akila kile alichokatazwa mwenziwe.

Na asiyekula nyama kabisa?

Huyo ana raha kuliko wote, na mfungo huo ndio uliomwandalia. Kanisa la Othodoksi lina siku nyingi za kuacha nyama, maziwa na mayai, zikiwemo siku 40 za Kwaresima, na kwa karne nyingi wapishi walilazimika kubuni vyakula vitamu visivyo na mnyama ndani yake. Kuna kundi zima liitwalo ladera, yaani vyakula vya mafuta: maharagwe mabichi katika nyanya, bamia, biringanya, nyanya na hoho zilizojazwa wali na nanaa. Kuna dolmades, ambazo ni majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, ingawa nyingine huwa na nyama na inafaa kuuliza. Fava ni rojo ya dengu za manjano yenye vitunguu na mafuta.

Lakini sahani ninayomwagizia kila mgeni kutoka kwetu ni horta. Ni mboga za majani, nyingi za porini, zilizochemshwa tu na kumiminiwa mafuta ya zeituni na limau, na zina ule uchungu wa managu ambao watu wa mijini huukimbia. Shangazi yangu mmoja alipoonja alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hawakutia maziwa.

Majina haya yanatamkwaje bila kujiaibisha?

Msemaji wa Kiswahili ana sauti nyingi za Kigiriki tayari mdomoni. Ile "th" ya thelathini, "dh" ya dhahabu, "gh" ya ghali na "kh" ya Khamisi zote zimo katika Kigiriki, na Mwingereza hutoka jasho kwa mbili za mwisho. Dolmades hutamkwa dolmadhes. Horiatiki ni khoriatiki. Galaktoboureko, kitindamlo cha maziwa mazito, ni ghalaktobureko. Gyros ni yiros, kwa maana "g" mbele ya "i" hulainika ikawa "y". Tzatziki ni dzadziki. Jambo la kuangalia ni mkazo, kwa sababu sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali baadhi ya maneno yao, kama vile moussaka, huukaza mwisho kabisa. Neno la shukrani ni efkharisto, na la kunywea ni ya mas, yaani afya zetu.

Je, ni adabu kula kwa mikono?

Mbavu za mwanakondoo, ziitwazo paidakia, hushikwa kwa vidole, na watu wa Nakuru wanaojua nyama choma hawahitaji kufundishwa. Mkate na samaki wadogo vivyo hivyo. Vilivyobaki huliwa kwa uma. Kinachoangaliwa zaidi ni kutochota kutoka sahani ya katikati kwa uma uliokwisha kuingia mdomoni pale ambapo kijiko cha kupakulia kimewekwa, ingawa familia zenyewe hazijali sana.

Ni kweli kwamba huvunja sahani na kuwasha moto mezani?

Sahani karibu hazivunjwi tena. Kwenye kumbi za muziki watu hurusha maua badala yake, na mkahawa unaovunja sahani leo unafanya hivyo kwa ajili ya kamera za wageni. Moto nao si wa Ugiriki. Saganaki ni jibini iliyokaangwa hadi ikawa na ganda, basi, na desturi ya kuimwagia kinywaji na kuiwasha huku wahudumu wakipiga kelele ya "opa" ilizaliwa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukikutana nayo, rudisha kichwa nyuma na ufurahie.

Ouzo ni nini, na je, ni lazima kunywa?

Si lazima, na maji au soda havimvunjii mtu heshima. Ouzo ni pombe kali yenye ladha ya anisi na kilevi kisichopungua asilimia 37.5. Ikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu mafuta ya anisi huyeyuka kwenye kilevi lakini si kwenye maji, hivyo hujitenga na kuwa matone madogo sana yanayotawanya mwanga. Hunywewa polepole pamoja na chakula, kamwe si kwa kumeza mara moja. Retsina ni divai nyeupe yenye utomvu wa msonobari, na wengi wanaoionja mara ya kwanza hutazama glasi kana kwamba imesafishiwa kwa dawa ya sakafu.

Baada ya chakula kuna nini?

Kuna loukoumades, ambazo kila aliyewahi kufuturu kwa jirani Mwislamu mjini Kisumu atazitambua mara moja: ni kaimati, isipokuwa hizi humiminiwa asali na mdalasini badala ya shira. Baklava ni tabaka za unga mwembamba, njugu za jozi (walnut) zilizopondwa na shira. Waturuki wana yao pia, na mjadala wa nani alianza hauna faida mezani.

Kahawa hupikwa katika kibuli kidogo chenye mpini mrefu kiitwacho briki, ikiwa na unga wake ndani, na sukari hutiwa wakati wa kupika, kwa hiyo ni lazima useme mapema: sketo ni bila sukari, metrio ni ya kiasi, gliko ni tamu. Iache itulie dakika mbili, unywe polepole, na ukifika kwenye tope usimame. Sikusimama siku ya kwanza, na meno yangu yalisimulia hadi jioni. Wasiotumia kahawa waombe chai ya mlimani, ambayo ni majani makavu ya porini yasiyo na kafeini.

Bili inasomwaje?

Nairobi, angalia chini ya menyu kama bei zimejumuisha kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na kama kuna malipo ya huduma. Tofauti si ndogo: vyakula vya shilingi 6,000 vikiongezewa 960, kisha 120, kisha asilimia 10 ya huduma ambayo ni 600, hufika 7,680, na aliyebeba 6,500 kwenye M-Pesa atalazimika kumtazama mwenzake. Ukiwa Athens unaweza kukuta malipo madogo ya mkate na vyombo kwa kila mtu. Huko menyu pia huandikwa kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti. Bakshishi ni hiari Ugiriki na Kenya, lakini Marekani asilimia 15 hadi 20 huhesabiwa kama sehemu ya bei, na atakayeondoka bila kuitoa atafuatwa kwa macho hadi mlangoni.

Twende saa ngapi, na watoto waje?

Ugiriki watu huanza chakula cha jioni saa tatu usiku na kuendelea. Nairobi saa moja inafaa. Ijumaa na Jumamosi piga simu mapema. Watoto wanakaribishwa, na mavazi ya kwenda kanisani yametosha. Waonyeni watoto kwamba zeituni zina kokwa, na mwenye mzio wa njugu, ngano au ufuta aseme kabla ya kuagiza, kwani jozi na pistachio zimo katika vitamu vingi na ufuta hujificha ndani ya michuzi.

Nimerudi Kisumu na nimeikumbuka ladha hiyo. Naweza kupika nini?

Anza na tzatziki. Chukua mtindi mzito usio na sukari, ufunge katika kitambaa safi na uuning'inize usiku kucha juu ya bakuli, ndani ya friji. Maji yatatoka na utabaki na kiasi cha nusu. Kuna matango mazuri Kibuye siku ya Jumapili: likune moja, litie chumvi, likamue kwa mkono hadi lisitoe tone, maana hapo ndipo wengi huharibu. Changanya na punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kijiko cha mafuta ya zeituni na matone ya limau.

Kwa samaki, pika plaki. Kata vitunguu viwili na nyanya nne, vikaange polepole katika mafuta ya zeituni pamoja na kitunguu saumu hadi viwe rojo, utie giligilani, ingawa wao hutumia majani mengine ya jamii hiyo. Mlaze ngege mzima juu ya rojo hiyo ndani ya trei, mfunike kwa vipande vya limau, na umwoke kwa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 35 hivi. Asiye na oveni atumie sufuria pana yenye mfuniko, makaa machache chini na mengine juu. Mbuta pia anafaa, akikatwa vipande vinene. Na kama kuna ugali pembeni, hakuna taverna itakayokuja kukushtaki.